Safari ya Lanet: Mwongozo kwa Ukoo wa Biliqo Wenye Kadeti

Kabla hata ya kuulizana nani atakwenda, kubalianeni mnakwenda wapi. Kuruti wa jeshi la Kenya hufunzwa Eldoret, na gwaride lao la kuhitimu hufanyika hukohuko, Moi Barracks. Kadeti, yaani kijana anayesomea uofisa, humalizia Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, pembezoni mwa mji wa Nakuru. Kila ukoo una abuya, yaani mjomba, mmoja mwenye habari zote za serikali, na huyo ndiye atakayesimama kwenye kikao na kutangaza kwamba wanajeshi wote humaliza Eldoret, kwani yeye mwenyewe alishamsindikiza mtu huko. Msibishane naye, maana kuhusu huyo mtu wake anasema kweli. Mpeni barua ya mwaliko aisome kwa sauti mbele ya wote, na akifika penye Lanet atanyamaza mwenyewe. Atafuata wa kuuliza kwa nini isiwe Isiolo, penye kambi kubwa na shule ya askari wa miguu. Mwambieni kwamba pale hufunzwa watu ambao tayari ni wanajeshi. Uofisa unatoka Lanet, na Lanet ndiko mnakokwenda.

Mkishaelewana hapo, ukoo unaingia kwenye kazi ngumu kuliko gwaride lenyewe, nayo ni kugawana kadi za mwaliko. Kadi huwa chache, na ukoo wa Kiborana hauna mwisho. Siku kijana alipokwenda kwenye usaili, waliojua ni mama yake, mwalimu wake na mwenye duka aliyemkopesha nauli. Siku kadi zinapofika, waliomlea wanajitokeza hadi Moyale. Mwakilishi wadi atakumbuka kwamba aliwahi kumpa basari. Mgombea aliyeshindwa uchaguzi uliopita atakumbuka kwamba ni yeye aliyemwendea mwakilishi wadi kuiomba hiyo basari. Jirani atasema kijana alikua kwa maziwa ya ngamia wake, na huyo jirani msikilizeni kwa heshima, kwa sababu yawezekana ni kweli. Biliqo hakuna mtoto aliyelelewa na nyumba moja.

Ushauri wangu kuhusu kadi ni mfupi. Ya kwanza ni ya mama. Ya pili ni ya baba, kama yuko hai na miguu inamruhusu. Ya tatu, na hii nitaing'ang'ania hadi tutakaporudi nyumbani, ni ya akko, yule bibi mkongwe kuliko wote ambaye bado anaweza kukaa kwenye gari. Wanasiasa wana magari yao na njia zao za kualikwa. Wasikalie kiti cha bibi.

Ukoo utakataa. Watasema akko haoni vizuri, atachoka, atauliza maswali njia nzima, na Kiswahili cha kumjibu askari langoni hana. Yote hayo ni kweli, na yote yana dawa. Lakini tazameni anachokijua yeye ambacho ninyi hamkijui.

Mwanamke wa Waso, yaani huku kwetu kando ya mto Ewaso Nyiro, mwenye miaka sabini na kitu leo alikuwa msichana wakati wa vita vya serikali na waasi wa kaskazini walioitwa shifta, kati ya 1963 na 1967, miaka ambayo Waborana wa Isiolo wanaiita gaafa daba. Mwezi wa uhuru wenyewe, Desemba 1963, ulikuwa haujaisha serikali ilipotangaza hali ya hatari kaskazini. Watu wakakusanywa kwenye vijiji vilivyolindwa na askari, Merti, Garba Tula na kwingineko, wakakatazwa kuhama na mifugo yao. Mfugaji asiyehama hana mfugo wa kudumu. Ng'ombe walimaliza majani ya karibu wakafa, na ngamia walipigwa risasi. Nyumba zilizoingia kwenye vijiji vile zikiwa na mali zilitoka zikisubiri unga wa msaada. Makubaliano ya amani yalitiwa saini Arusha Oktoba 1967, ila utawala wa hali ya hatari uliendelea kaskazini hadi 1991. Juu ya hayo, sheria ya mwaka 1970 iliwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda huku miaka ile, na sheria hiyo ilidumu miongo mingi. Akko alipata wajukuu ikiwa bado ipo.

Wengi wa rika lake walikua wakijua kwamba ukiona nguo za jeshi zinakuja, unamshika mtoto mkono na kuingia kichakani, na mtoto akilia unamziba mdomo. Sasa mjukuu wake ndiye aliyezivaa nguo hizo, tena kwa kuziomba mwenyewe, kwa kushindania nafasi na vijana wa Kenya nzima. Mnataka habari hiyo imfikie kwa simu ya jirani? Katika ukoo wote, yeye ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kulitazama gwaride hilo kutoka mwanzo hadi mwisho na kuamua mwenyewe analionaje. Huenda akalia. Huenda akakunja uso asiseme neno hadi mrudi Nanyuki. Lolote atakalofanya, lipokeeni, na asitokee kijana wa kumwambia kwamba mambo ya zamani yamepita. Kwake hayajapita, na safari hii haikukusudiwa kuyapitisha.

Wala asiende akijiona mgeni. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 241, inataka uongozi wa majeshi uonyeshe sura ya maeneo na makabila yote ya Kenya. Watu wa kaskazini walikuwemo hata kabla ya maandishi hayo. Jenerali Mahamoud Mohamed aliyaongoza majeshi yote ya Kenya kuanzia 1986 hadi 1996. Na wanawake Waislamu nao wamo: Fatuma Ahmed aliingia jeshini 1983, wakati wanawake bado walikuwa na kikosi chao cha pembeni. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza nchini kufikia cheo cha meja jenerali, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Wanahewa. Kama kadeti wenu ni binti, hakikisheni shangazi zake wote wanalijua jina hilo kabla hamjaondoka, kwa sababu njiani kuna mtu atauliza binti wa Kiislamu anatafuta nini jeshini, na shangazi aliyejiandaa humaliza mjadala kabla gari halijafika Timau.

Baada ya kadi, pesa. Fungueni kikundi cha WhatsApp, lakini mweka hazina awe mwanamke mwenye kibanda au anayeuza maziwa, kwa kuwa huyo amezoea kuandika madeni na haoni haya kuyadai. Kila jioni aandike nani ametuma na kiasi gani. Anayeahidi mbuzi, mbuzi huyo aonekane zizini wiki hiyohiyo. Mbuzi aliyeko malishoni Kom hajawahi kulipa nauli ya mtu. Mifugo ya kuuza ipelekeni soko la Merti mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, na msimwambie dalali mna safari. Akijua tarehe yenu, atazunguka soko zima na kurudi kwenu jua likizama, na bei itakuwa yake.

Na msiuze ng'ombe wa maziwa. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimesikia watu wazima wakisema aibu ya kwenda mikono mitupu ni kubwa kuliko njaa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na nyumba nyingi za Waso bado zinahesabu mifugo kwa vidole. Mama anayemkamulia mtoto mdogo nyumbani asinyang'anywe maziwa ili kaka mtu apate shada. Kadeti mwenyewe, mkimuuliza, atawakataza.

Itatokea hoja ya sare. Mtu atapendekeza kitambaa kimoja cha kitenge kwa ukoo mzima, na mwingine ataongeza fulana zenye picha ya kadeti kifuani na picha ya mfadhili mgongoni. Ikataeni hoja hiyo mapema, kabla fundi hajapewa malipo ya kwanza. Mnunulieni akko dera moja jipya, soksi nene na viatu vinavyofunga, basi. Wengine wote wana nguo za Idi. Kuhusu bango lenye jina kamili la kijana, cheo na kikosi atakachopangiwa, msilitengeneze kabisa, na picha zenye maelezo hayo msizirushe mtandaoni. Ofisa wa jeshi ambaye mama yake anaishi mashambani kaskazini mwa Kenya ana sababu nzuri ya kutaka jina lake lisizunguke kwenye simu za watu asiowajua.

Sasa njia. Kutoka Biliqo hadi kuikuta lami ya barabara ya Isiolo na Moyale ni vumbi, mawe na laga, yaani mikondo ya mito ya msimu. Wakati wa mvua laga ikijaa, ofisa mtarajiwa na mbunge wote husubiri upande mmoja. Kwa hiyo ondokeni siku mbili mapema kuliko abuya anavyopendekeza. Tafuteni kruza inayofahamika, na mkikosa, lori la mifugo, ila kiti cha mbele kando ya dereva kiwe cha akko, hata kama mwenye ng'ombe amekilipia. Vijana wakae juu ya vyuma walivyozoea. Tembeeni mchana. Malisho ya upande huu yamegombaniwa na Waborana na Wasamburu kwa miaka mingi, na watu wamekufa. Kabla ya kuondoka, waulizeni wachungaji waliorudi jana wameona nini, kisha msikie na chifu anasemaje. Wakisema ngojeni, ngojeni. Siku mbili za akiba niliwaambia mziweke kwa ajili hiyo.

Isiolo laleni kwa jamaa, mpumzike, mkodishe matatu moja ya kuwafikisha Nakuru bila kubadilisha gari. Najua kubadilisha magari ni rahisi zaidi kwa mfuko. Lakini kila stendi ni mizigo kuhesabiwa upya, na kila mnapohesabu mnakuta mtungi wa maziwa umebaki au abuya ameingia hoteli. Hapo Isiolo ndipo wazee wengine hadi leo husema wanakwenda Kenya, wakimaanisha wanapanda kuelekea Meru na Nanyuki. Safari hii mwacheni akko aseme hivyo bila kumsahihisha. Anayo miaka ya kutosha nyuma yake ya kusema hivyo.

Baada ya Isiolo gari linaanza kupanda, na baridi inaanza. Mtu wa Biliqo akisikia neno baridi anafikiria alfajiri ya Julai. Hiyo ya Timau ni nyingine. Mtapita Nanyuki, Rumuruti, kisha Nyahururu, mji ulioko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako watu huvaa makoti mazito saa sita mchana bila mgonjwa nyumbani. Kila abiria awe na sweta mkononi, wala si kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Kutoka Nyahururu barabara ya Subukia inateremka kwa kona hadi Bonde la Ufa, na mtu ambaye maisha yake yote ameona upeo wa macho umenyooka tumbo litamgeuka. Bebeni ndimu na mifuko. Mwambieni dereva mapema kwamba ana bibi ndani, na mlipeni vizuri ili akumbuke.

Barabara hiyo ikimaliza kuteremka, mko karibu na Lanet. Hapa mpeni abuya nafasi yake, kwa sababu amevumilia kukosolewa tangu Biliqo. Awasimulie kwamba katika kambi ya Lanet, Januari 1964, askari wa Kenya Rifles waliasi, na serikali changa ya Jomo Kenyatta ikawaita wanajeshi wa Uingereza kuwazima. Ni habari ya kweli na inafaa kujulikana: mwezi uleule hali ya hatari ilipokuwa mpya kaskazini, jeshi lenyewe lilikuwa linajitafuta huku chini. Nchi ilikuwa na hofu kila upande, na hofu yake ililipwa na watu wa Waso. Akishasimulia, apewe chai.

Tafuteni pa kulala siku moja kabla, Free Area, Pipeline au popote kwenye barabara hiyo ya kuingia Nakuru, na ulizeni hoteli ya halali kabla njaa haijawauliza. Mwenye nyumba ya wageni akijua kuna gwaride atapandisha bei, hivyo pigeni simu wiki mbili nyuma. Usiku huo laleni mapema. Msikae hadi saa saba mkibishana nani ataketi karibu na Rais. Hakuna atakayeketi karibu na Rais.

Swalini alfajiri, kunyweni chai, muwe langoni kabla jua halijapanda. Amiri Jeshi Mkuu akihudhuria, na kwa desturi ndiye anayewapa kamisheni maofisa wapya, milango hufungwa mapema na foleni haiheshimu umri. Kila mtu ashike kitambulisho chake mwenyewe. Cha akko kiangalieni mwezi mzima kabla: kama kimefutika, kimekatika au kiko kwenye sanduku la marehemu mume wake, huo ndio muda wa kukishughulikia, kwa kuwa ofisi ya usajili haina desturi ya kuharakisha mtu.

Langoni kuna jambo moja ambalo wanaume wa Kiborana hulisahau kila mara. Vua kisu. Mzee aliyezoea kuwa nacho kiunoni tangu ujana hakihesabu tena miongoni mwa mizigo yake, na atashangaa kwa dhati mashine ikilia. Kisu kibaki Isiolo. Kuhusu fimbo, kama ni ya kutembelea, aitembelee kweli. Asiibebe begani halafu aseme mguu unauma.

Kisha mkebe wa nyirinyiri. Mama atakuwa ameubeba, nami namuunga mkono. Nyama imekatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi maji yakaisha, ikamwagiwa samli iliyotiwa iliki, ikaganda. Imepikwa ili ihimili safari ndefu. Kijana aliyekula chakula cha bwalo kwa miaka anastahili kuuona mkebe huo. Lakini askari atataka ufunguliwe, na samli iliyoganda haionyeshi kilichomo ndani. Bebeni kijiko kisafi. Askari akiuliza ni nini, mama asijibu kwa hasira kwamba ni chakula, hivi haoni? Achote kidogo, aonje yeye kwanza mbele yake, kisha amwonyeshe. Wakikataa usiingie, ubaki kwenye gari na kijana ataufuata baadaye. Mkebe haujawahi kuharibika kwa kusubiri.

Mkishaketi jukwaani, jiandaeni kutomwona mtoto wenu. Hili huwaumiza kina mama kuliko yote, na hakuna anayewaambia mapema. Wataingia uwanjani mamia, nguo moja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, hatua moja, mikono inapanda na kushuka kwa kimo kimoja. Mama atasema nitamjua kwa mwendo wake. Mwendo wake ule, wa mtu aliyechunga mbuzi tangu miaka sita, mguu mmoja ukitangulia kutafuta jiwe, ndio wakufunzi wa Lanet waliofanya kazi ya kuuondoa. Muulizeni kadeti mapema, mara ya mwisho anapopiga simu, atakuwa kikosi gani na safu ya ngapi kutoka upande wa jukwaa. Akishindwa kusema, basi mama achague kijana mmoja aliyesimama vizuri amwombee dua, na dua itafika. Mwingine uwanjani yuko mbali zaidi na kwao: Lanet hupokea pia makadeti kutoka nchi rafiki za Afrika, na yupo ambaye hana mtu jukwaani.

Bendi itapiga wimbo wa taifa. Simameni, na mtu amsaidie akko kusimama bila kumvuta. Mnong'onezeni kwamba sauti ya wimbo huo ilitoka kwa Wapokomo wa mto Tana, kwenye wimbo wa mama wa kubembelezea mtoto. Kama kuna kitu uwanjani pale kitakachomwingia moja kwa moja, ni hicho.

Vigelegele vina wakati wake. Amri inapotolewa, uwanja wote hunyamaza hadi mnasikia viatu vikigusa ardhi. Hapo shangazi ashikwe mkono. Kadeti aliyechosha shingo kwa saa nzima ili asiangalie pembeni hahitaji kusikia jina lake la utotoni likiitwa kutoka jukwaani. Wakati wa kiapo pia, kimya. Upanga wa Heshima ukitolewa kwa kadeti aliyefanya vizuri kuliko wote, pigeni makofi hata kama si wenu, na msiulize kwa sauti anatoka kabila gani. Lakini gwaride likiisha na vijana wakavunja safu, hapo mwachieni shangazi mkono. Amengoja tangu Biliqo.

Ndipo mtampata. Atakuwa amekonda shingoni na sauti imebadilika, na nyota moja kila bega: luteni wa pili. Wachuuzi watakuwa wamejaa nje na mashada ya karatasi ya kumeta, moja linatosha. Picha ya kwanza apigwe akiwa na mama na akko peke yao, kabla ya kamati, kabla ya abuya, kabla ya mfadhili yeyote aliyepata njia ya kuingia. Mkiruhusiwa kumgusa begani au kumnyoosha kola, akko aanze.

Yapo mambo mawili msimfanyie siku hiyo. La kwanza ni bahasha za vyeti. Najua kuna binamu watatu waliomaliza kidato cha nne ambao mama zao wamefunga nakala za vyeti kwenye mfuko wa plastiki ili ofisa awaingize jeshini. Mfuko huo ubaki nyumbani. Usajili wa jeshi la Kenya ni bure na hutangazwa hadharani, na kila mwaka jeshi huonya kuhusu watu wanaouza barua bandia za kujiunga. Luteni wa siku moja hana uwezo wa kuingiza mtu, na akijaribu atapoteza alichokifuata miaka yote. Anachoweza ni kukaa na binamu hao akiwa likizoni, awaeleze alama zinazotakiwa, awakimbize asubuhi hadi watapike. Huo ndio msaada.

La pili ni kumuuliza atalipwa ngapi. Mshahara wake wa kwanza tayari umegawanywa kwenye kikao cha ukoo, hilo analijua. Mpeni mwezi mmoja wa kununua godoro.

Mama naye ana swali lake, na hilo msimzuie. Anataka kujua atapelekwa wapi. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011, na alfajiri ya 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ikashambuliwa, wanajeshi wengi wa Kenya wakauawa. Mwaka uliofuata, Januari, ikawa zamu ya kambi ya Kulbiyow. Kila mama jukwaani Lanet anaijua El Adde, awe Mborana, Mluo au Mkikuyu, na wengi huificha chini ya vigelegele. Kijana hataweza kumjibu, maana hapangi yeye. Basi asijibiwe na mtu mwingine kwa niaba yake. Asitokee mjomba wa kusema kila kitu ni kheri na kugeuza mazungumzo. Mpeni mama na mtoto robo saa nje ya kundi, chini ya mti, na mkebe wao. Akitaka kulia pale, alie. Amelea mtoto katika nchi ambayo serikali yake iliwahi kuua ngamia wa babu yake, na sasa anaikabidhi serikali hiyohiyo mtoto mwenyewe. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo Waso wameipa Kenya, na sioni kwa nini aitoe akitabasamu.

Kurudi kwenu kutakuwa kwepesi. Watu watalala garini, na akko, kama ninavyomjua wa aina yake, ndiye atakayekesha akimhesabia dereva kona.

Ofisa akipata ruhusa na kufika Biliqo, pangeni mapokezi na wazee kabla hajatia mguu. Ushauri wangu ni kwamba aingie kwanza akiwa na kikoi na shati, asalimie nyumba za wakongwe moja baada ya nyingine, akae chini, apokee mkono. Wamkaangie buna, yaani kahawa, kwenye samli, wapake, wamwombee. Wakimtaka wenyewe avae magwanda wamwone, avae. Kuna wazee watatu au wanne pale ambao mara ya mwisho kuona ofisa wa jeshi akiingia bomani hakuja kunywa chai. Wapeni muda wa kumtambua kwanza kuwa mtoto wa fulani.

Siku ya tatu mweka hazina aite kikao na asome hesabu yote: waliochanga, nauli, malazi, dera la akko, shada moja. Deni la mwenye duka aliyetoa nauli ya usaili lilipwe siku hiyo, mbele ya watu, na ofisa mwenyewe ndiye amkabidhi. Kikibaki chochote, abuya atapendekeza mbuzi wa sherehe. Pesa hiyo ibaki kwa mweka hazina, iandikwe kuwa nauli ya mtoto atakayefuata kuitwa kwenye usaili, wa kike au wa kiume, na jina lake likijulikana liandikwe pembeni.